Nyoka chini ya jiwe: nilichojifunza hospitali yetu ilipohama kutoka kwenye mafaili kwenda kompyuta

Kuna sentensi moja nimeichoka, "wafanyakazi wetu wanaogopa mabadiliko". Nimeisikia vikaoni miaka yote niliyokaa ofisi ya utumishi na kila aliyeisema alikuwa bosi, sijawahi kumsikia nesi wala mhudumu wa wodi akiisema. Mi siiamini. Hawa hawa tunaosema wanaogopa, M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 hakuna aliyewafanyia semina, hakuna aliyewapa posho, na leo mama yangu mzazi huko kijijini anatuma hela, anakopa, analipia umeme kwa simu, na akikosea namba anajua ampigie nani. Nesi mmoja aliniapia kwamba yeye na kompyuta hawapikiki chungu kimoja, nesi huyo huyo anauza madera WhatsApp, ana wateja mpaka mikoa ya jirani, na ndo mweka hazina wa kikoba chao ambacho kinaendeshwa kwenye simu tupu. Sasa huyo anaogopa mabadiliko? Kuna kitu anaogopa, ila sio hicho.

Hospitali sitaitaja. Ni ya mkoani, sio kubwa sana. Mpaka miaka michache nyuma kila kitu kilikuwa karatasi, mgonjwa anafika mapokezi na kadi, kadi inaenda masjala, masjala wanatafuta faili, faili linabebwa kwa daktari, likitoka hapo maabara, dirisha la malipo, famasia, na kama ni wa bima kuna fomu zake juu ya hayo yote. Faili lisipoonekana anafunguliwa jipya, kwa hiyo kumkuta mama mmoja ana mafaili manne lilikuwa jambo la kawaida tu. Bodi ikaamua tuhamie kwenye mfumo wa kompyuta. Uamuzi sahihi kabisa, hata watu wa masjala wenyewe walikuwa wamechoka kukohoa vumbi.

Balaa lilianzia kwenye tangazo. Lilibandikwa ubaoni karibu na kantini: "Uongozi unapenda kuwataarifu watumishi wote kuwa hospitali itahamia katika mfumo wa kidijitali hivi karibuni. Taarifa zaidi zitatolewa kwa wakati muafaka." Sahihi, muhuri, basi. Halafu kimya, na sio kimya cha wiki moja mbili, ni miezi. Ukweli ni kwamba huko juu walikuwa wanavutana na kampuni ya mfumo kuhusu bei na kuhusu nani analipia nyaya, na kwa mawazo yao hakukuwa na cha kuwaambia watu kwa sababu hakuna kilichokuwa kimeamuliwa.

Huku chini watu wakajijazia wenyewe. Kwanza ikawa masjala yote inafungwa, baadaye ikawa ambao hawana cheti cha kompyuta wote wanaondoka, halafu mtu akaja na kwamba orodha ya majina tayari ipo, iko kwenye droo yangu mimi, nikawa nikipita koridoni mazungumzo yanakatika watu wanaangalia simu. Kwenye meza yangu nikawa naona vitu vinavyopita. ED, zile karatasi za kupumzika kwa ugonjwa, zikaongezeka, na sio za masjala, za wodini, za maabara, watu ambao huo mfumo ulikuwa unawapunguzia kazi. Maombi ya uhamisho yakaongezeka. Kuna dada wa mapokezi akawa kila jioni anapiga picha kurasa za rejista yake kwa simu, nikamuuliza vipi mdogo wangu, akasema "nataka siku wakisema sifanyi kazi niwe na ushahidi". Majina ya wagonjwa na magonjwa yao, kwenye simu ya mtu, hebu fikiria. Na keshia, mtu wa siku nyingi dirishani ambaye mahesabu anapiga kichwani huku anakusalimia, akaanza kukosea chenji.

Na hapo kompyuta hata moja haijafika.

Uongozi ukaona dawa ni kuleta mtaalamu wa mabadiliko kutoka Dar. Akaja na slaidi nzuri sana, kuna moja ilikuwa na bongo tatu zimepangwa moja juu ya nyingine, ya chini ya mjusi, ya katikati ya mnyama, ya juu ndo ya binadamu, akasema mfanyakazi anayepinga mabadiliko yuko kwenye ubongo wa mjusi na kazi ya kiongozi ni kumpandisha ghorofani. Watu wakacheka, soda zikanywewa. Jioni ile nikaanza kutafuta mtandaoni maana kile kitu kilinikera, kumwita sista wa wodi mjusi. Kumbe lile wazo la bongo tatu ni la Paul MacLean wa Marekani, la miaka ya 1960, na wanaosoma ubongo walishaachana nalo zamani, ubongo haukukua kwa kuongezewa ghorofa hivyo. Kwenye kutafuta huko huko nikakutana na jamaa wa Marekani ambao 2009 walimuweka samaki mfu, samoni, kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, wakamwonyesha picha za watu, na hesabu zikaonyesha ubongo wa samaki "unafanya kazi", manake ukifanya hesabu zile kizembe unaweza kupata chochote unachotaka. Walipewa tuzo ya Ig Nobel 2012 kwa hilo, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unafikirisha, na walistahili. Kwa hiyo tangu siku hiyo mtu akiniletea picha ya ubongo yenye rangi nyekundu na njano kwanza namkumbuka yule samaki.

Ila kuna kitu kimoja nilikisoma kikanikamata vizuri. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio walilowafanyia watu 45. Unakaa mbele ya kompyuta, unaonyeshwa mawe, unabahatisha kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo unapigwa shoti mkononi, shoti ya kuuma kweli. Na uwezekano wa nyoka kuwepo ulikuwa unabadilika badilika, ukishaanza kuujua unageuzwa. Wakawa wanapima jasho na mboni za macho. Sasa ungedhani mwenye presha kubwa, presha ya mawazo sio ya damu, ni yule anayejua kwa hakika shoti inakuja. Hapana. Presha ilikuwa juu kabisa pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Mwenye uhakika kwamba anapigwa alikuwa ametulia kuliko yule ambaye labda anapigwa labda hapigwi.

Nilirudia kusoma hapo. Sisi tulikuwa tumewaweka watu zaidi ya mia kwenye nusu kwa nusu kwa miezi, kwa tangazo moja la mistari miwili.

Na kuna kipande kingine cha jaribio lile ambacho naona hakisemwi sana. Wale ambao presha yao ilikuwa inapanda na kushuka kufuatana na ukubwa wa mashaka ndo waliokuwa wanabahatisha vizuri zaidi. Yaani ile presha sio ugonjwa, ina kazi yake, inakusukuma utafute habari. Kwa hiyo umbea wetu wote wa kantini, orodha iliyoko kwenye droo yangu, na nini, ule ulikuwa ni ubongo unatimiza wajibu wake, unakusanya dalili kwa kuwa taarifa hakuna. Uongozi ulikuwa unataka niandike barua ya onyo kwa "wanaoeneza uvumi". Sikuiandika, nikasema nipeni muda.

Kwa jinsi nilivyoelewa mimi ni kwamba ubongo ni mtu wa kubashiri. Una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu, na siku nzima unakisia kinachofuata. Ukishajua kitu, hata kiwe kibaya, unakipanga mahali pake unaendelea na mengine. Usipojua unakirudia tena na tena, usiku, kwenye daladala, wakati unahesabu hela ya mgonjwa. Kuna mama wa chuo cha Yale, Amy Arnsten, amefanya kazi miaka mingi kuhusu presha na ile sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ambayo ndo tunashikilia nayo mambo kichwani kwa muda mfupi, kupanga, kujizuia. Anaonyesha kwamba presha ambayo huna uwezo nayo inaizima sehemu hiyo haraka sana, na sehemu za mazoea na hofu zinachukua usukani. Nikimuangalia keshia wetu na zile chenji, hakuwa amezeeka wala hakuwa mwizi kama mhasibu alivyoanza kuhisi. Na ndo kwa watu wa aina hiyo, katika hali hiyo, tulikuwa tunapanga kwenda kuwafundisha mfumo mpya wenye pasiwedi mbili na kurasa kibao.

Nikaenda kwa mkurugenzi na karatasi moja. Safu tatu. Ya kwanza, tunachojua. Ya pili, tusichojua, na tarehe ambayo tutajua au angalau tutarudi kusema bado hatujajua. Ya tatu, kisichobadilika. Akasoma akanirudishia, akasema "ukiwaambia watu hujui watasema hospitali haina mwelekeo". Nikamwambia dokta, wameshasema. Tukabishana sana. Kilichomlainisha sio London wala nyoka, ni ED. Nilimwekea ED za robo ile na za robo iliyopita mezani, za wodi na maabara tu, masjala nikaitoa.

Karatasi ikabandikwa na safu ya kwanza ilikuwa na habari mbaya, na hapa ndo penye kazi. Masjala ilikuwa inabaki lakini inapungua, nafasi mbili za mkataba hazitaongezewa muda. Mkurugenzi alitaka tuandike "kutakuwa na marekebisho madogo ya ikama". Nikakataa, kwa sababu ukiandika marekebisho madogo kwa watu sita, wote sita hawalali. Tukawaita kabla karatasi haijabandikwa. Kijana mmoja hakungoja nimalize, akauliza "mimi ni mmoja wao?" Nikamjibu ndiyo, mkataba wako unaisha mwezi wa sita na hautaongezwa, barua ya utambulisho nitakuandikia leo ukitaka. Akakaa kidogo, akasema "sawa, afadhali nijue". Wiki ile ile akaanza kuzunguka na bahasha na akapata kazi kwenye kampuni ya mizigo kabla hata mkataba haujaisha. Sisemi hakuumia, aliumia, na kuna watu watasema ni ukatili. Ila wale wanne waliobaki waliacha kuja kuchungulia mlangoni kwangu, na zile habari za orodha kwenye droo zikafa zenyewe bila onyo kwa mtu yeyote. Tarehe za safu ya pili tulizishika, hata zile ambazo jibu lilikuwa "bado, tutarudi tarehe kumi na tano". Hilo la kurudi bila jibu ndo viongozi wanalikwepa kuliko yote, wanaona aibu, wakati mtu wa chini anachotaka kujua ni kama hujamsahau.

Tuje kwa mzee wa masjala, maana yeye ilikuwa habari nyingine kabisa. Kazi yake ilikuwa na uhakika, tulimwambia mapema, kwenye karatasi ipo, na bado alikuwa amevimba, shikamoo anaitikia kwa pua. Huyu mzee alikuwa hatafuti faili, alikuwa analifuata. Unamtajia jina anauliza "yule wa kisukari au yule wa mguu?" halafu anaingia kati ya makabati anatoka nalo. Madaktari walikuwa wanamwomba yeye kwa heshima, hata mkurugenzi alikuwa anaenda mwenyewe pale dirishani. Nilikuja kusoma habari za madereva wa teksi wa London ambao wanakariri maelfu ya mitaa ndo wapewe leseni, Eleanor Maguire na wenzake waliwapima 2000 wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ile inayohusika na ramani na kumbukumbu, ni kubwa kuliko ya watu wengine, na aliyeendesha miaka mingi yake kubwa zaidi. Sasa mwambie mtu ambaye ramani ya chumba kile ameibeba kichwani miaka yote kwamba kuanzia Jumatatu mtoto wa field akiandika herufi tatu faili linatokea. Hujamfukuza kazi, umemfuta.

David Rock, mshauri wa mambo ya uongozi, mwaka 2008 aliandika kwamba kuna mambo matano ubongo unayalinda kwenye maisha na watu wengine: hadhi, uhakika, uhuru wa kuamua, kujiona uko na wenzako, na haki. Ni mpango wa watu wa uongozi zaidi kuliko wa maabara, usiuchukue kama msahafu, ila mi umenisaidia kuuliza swali zuri, badala ya "huyu ana shida gani" nauliza "kati ya haya matano tumemgusa lipi". Kwa mzee lilikuwa la kwanza. Na kuna jaribio la Naomi Eisenberger na wenzake, 2003, watu wakiwa ndani ya MRI wanacheza mpira wa kurushiana kwenye skrini, ghafla wenzao wanaacha kuwarushia, na ubongo ukaonyesha dalili zinazofanana na za maumivu ya mwili. Wataalamu wanabishana mpaka leo maana yake ni nini hasa, lakini aliyewahi kunyamaziwa na ofisi nzima hahitaji mashine.

Dawa ya mzee ilitokea bila mtu kuipanga. Vijana wa kampuni walipoanza kuingiza majina wakakwama, mtu mmoja yupo mara tatu, kwa jina la baba, kwa jina la mume, na kwa jina alilotaja siku alipoletwa kazimia. Kompyuta haijui kama hao watatu ni mtu mmoja, na ukikosea kuwaunganisha unaweza kumpa mtu dawa inayomdhuru. Mzee akapita pale nyuma yao akasema "huyo na huyo ni mmoja, huyu wa chini ni dada yake". Kesho yake akawekewa kiti. Ikaandikwa barua rasmi, na barua ilikuwa muhimu kuliko kiti, kwamba hakuna rekodi mbili zitakazounganishwa bila sahihi yake. Baada ya hapo yeye ndo alikuwa anawagombeza manesi, "mbona hujaingiza namba ya simu ya mgonjwa?"

Mafunzo sasa. Kampuni ilitaka siku mbili ukumbini, na posho, na watu walizitaka kwa sababu ya posho. Tukafanya nusu siku tu, yaliyobaki ikawa robo saa kila zamu zinapopokezana, pale pale wodini, kitu kimoja kwa siku. Sababu ni mazoea. Phillippa Lally wa hapo hapo University College London aliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga zoea moja dogo dogo la kila siku, kama kunywa maji wakati wa chakula, ikawachukua wastani wa siku 66 mpaka lijiendeshe lenyewe, mwenye haraka 18, na wengine walikadiriwa kufika 254. Hiyo ni kunywa maji. Na Ann Graybiel wa chuo cha MIT Marekani na panya wake ameonyesha kwamba zoea la zamani halifutiki, linalala, ukirudisha kilichokuwa kinaliamsha linaamka kama lilivyo.

Kwetu kilichokuwa kinaamsha ni rejista. Lile daftari kubwa lenye jalada gumu likiwa mezani, nesi atalifungua, hata kama ameshaingiza kwenye kompyuta, mkono unaenda wenyewe. Wodi mbili zilikuwa zinaandika kote kote na zilikuwa zinalalamika kwamba mfumo unaongeza kazi, na kweli ulikuwa unaongeza. Wodi ya wazazi sista inchaji akayakusanya madaftari yake yote akayafungia kabatini siku moja baada ya zamu ya usiku, bila kuuliza mtu, na yeye ndo alikuwa wa kwanza kuacha kulalamika. Tukaiga. Ila umeme wetu mnaujua, kwa hiyo kila wodi ilibaki na daftari moja jembamba la dharura, rangi tofauti, ufunguo kwa inchaji, linatoka umeme ukikatika na jenereta ikigoma, na linarudi ndani baada ya kilichoandikwa kuingizwa. Lile la rangi tofauti lilikuwa wazo la mhudumu wa usafi, alisema likifanana na la zamani watajisahau.

Sa hivi tuna jingine mlangoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni 2023 na watu wa madai ya bima wameshaanza kuuliza kazi yao itakuwaje, fomu zipi zinabaki, nani atakagua nini. Mhasibu anataka tusiseme kitu mpaka kila kanuni ijulikane, anaogopa tutaahidi kisha tugeuke. Mi nimeshachora safu zangu tatu na kwa sasa ya katikati ndo imejaa, ya kwanza ina mistari miwili tu. Mkurugenzi amesema tuipeleke kwenye kikao cha Alhamisi, na keshia ameomba awepo.